Kulisha Samaki kwa Kipimajoto: Mabwawa ya Kitale na Bungoma katika Miezi ya Baridi

Wasemaji waliotangulia wameshaeleza umuhimu wa samaki kwa lishe na kwa mfuko wa mkulima, kwa hiyo sitarudia. Kusudi la mhadhara wangu ni kutetea jambo moja tu. Nasema kwamba kati ya Juni na Agosti, kiasi cha chakula tunachowapa samaki wa mabwawani katika kaunti zetu za Trans Nzoia na Bungoma kinapaswa kuamuliwa na joto la maji, wala si mazoea ya mwenye bwawa au maelezo yaliyochapishwa kwenye mfuko wa chakula. Baridi yetu ni nadra kumuua samaki. Inachokiua ni faida, na inaiua mahali ambapo daftari la mfugaji halina safu ya kuiandika.

Mazoea hayo yana chanzo chake. Majaribio ya kufuga tilapia nchini yalianza mwaka 1924, kituo cha Sagana kikaanzishwa mwaka 1948, na katika miaka ya 1960 serikali ikapiga kampeni ya kuwahimiza wananchi wale samaki zaidi na kuchimba mabwawa vijijini. Mengi ya mabwawa hayo yalikuja kugeuka vinamasi vya vyura. Msukumo mkubwa ulikuja mwaka 2009 na mpango wa serikali wa kuchangamsha uchumi: mabwawa 200 katika kila moja ya maeneo bunge 140, kila bwawa likiwa na mita 300 za mraba na vifaranga 1,000. Sikuja kuulaumu mpango huo. Bila ya huo wengi wenu msingekuwa wafugaji leo. Lakini bwawa la kipimo kimoja lilizaa kwa urahisi fikira ya mgao mmoja, kana kwamba maji ya Malakisi, tambarare za chini, na maji ya Endebess, huko juu, ni maji yale yale. Ili kuona kosa la fikira hiyo, nitaanza na samaki mwenyewe.

Hoja ya kwanza: tilapia ni samaki wa joto, na mwili wake hauwezi kujipasha

Ng'ombe akipigwa na baridi hula zaidi, kwa sababu mwili wake unachoma chakula ili kulinda joto lake. Samaki hana kazi hiyo. Joto la damu yake ni joto la maji aliyomo, na maji yakipoa, kila kitu ndani yake hupunguza mwendo: moyo, pumzi, vimeng'enya vya tumboni, hata kinga dhidi ya maradhi. Kwa makadirio ya wanabaiolojia, maji yakipoa kwa nyuzi 10, shughuli za mwili wa samaki hushuka hadi karibu nusu. Kwa hiyo ile silika ya mfugaji mwema, ya kumwongezea mnyama chakula wakati wa baridi, ni sahihi zizini na ni kosa bwawani.

Tarakimu za tilapia zinajulikana vizuri kwa sababu ni mmoja wa samaki wanaofugwa zaidi duniani. Hukua kwa kasi kubwa maji yakiwa na nyuzi 29 hadi 31 za selsiasi. Katika joto hilo ukuaji wake unaweza kufika mara tatu ya ule wa maji ya nyuzi 20 hadi 22. Chini ya nyuzi 20 hamu yake ya chakula huporomoka. Maji yakifika 16 au 17 huacha kula. Na kwenye 11 au 12 hufa. Kuzaana kwake nako huhitaji maji ya nyuzi zaidi ya 20, na hupamba moto yakifika 24. Naomba mzishike tarakimu mbili katika hizo: 20, anapoanza kukataa chakula, na 17, anapokikataa kabisa. Sehemu kubwa ya mabwawa ya Kitale mwezi wa Julai hukaa katikati ya mbili hizo, au juu yake kidogo tu.

Kambare ni mvumilivu kuliko tilapia kwa mambo mengi, hasa upungufu wa hewa, kwa kuwa anaweza kuvuta hewa ya juu ya maji. Lakini naye ni samaki wa joto, na anayedhani kambare atakula kama kawaida mwezi wa Julai atapoteza chakula vilevile.

Hoja ya pili: nyuzi tatu kati ya Kitale na Bungoma ndizo zinazoamua

Mji wa Kitale uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Bungoma uko karibu mita 1,400. Kwa kila mita 100 unazopanda, hewa hupoa kwa takriban sehemu sita za kumi za nyuzi moja, basi tofauti ya mita 500 ni kama nyuzi tatu. Mtu anayesafiri asubuhi kutoka mji mmoja hadi mwingine huiona tofauti hiyo kama suala la kuvaa sweta au kuivua. Kwa tilapia ni suala la kula au kutokula, kwa sababu nyuzi hizo tatu zinaangukia pale pale kwenye mpaka wake. Maji yakishuka kutoka nyuzi 30 hadi 27, mfugaji hataona badiliko kubwa. Yakishuka kutoka 21 hadi 18, ameingia msimu mwingine.

Katika Kitale ya Julai, hewa ya usiku hushuka hadi nyuzi 11 au 12, na ya mchana hupanda hadi 23 au 24. Maji ya bwawa hayapandi wala hayashuki kwa haraka namna hiyo. Hukaa karibu na wastani wa mchana na usiku, kwa kawaida yakizidi kidogo kutokana na jua. Ndiyo maana tilapia wa Kitale hafi. Lakini jua lenyewe katika miezi hiyo ni la kuombwa. Mvua za Trans Nzoia huanza Machi au Aprili na kuendelea hadi Oktoba, kwa hiyo baridi yetu huja na mawingu, tofauti na kipupwe cha pwani ambacho hushuka na anga kavu. Bwawa lililofunikwa na wingu kwa siku nne mfululizo hupoteza joto kila usiku bila kurudishiwa mchana. Tena kuna wanaopitisha maji ya mto bwawani saa zote wakiamini kwamba maji yanayotembea ni maji safi. Maji ya Koitobos, Sabwani au Kuywa yametoka Mlima Elgon. Mwenye kuyaacha yapite bwawani usiku kucha mwezi wa Julai analipa gharama ya kulipoza bwawa lake mwenyewe.

Hapa niingize tahadhari, maana nimetaja miji na watu watadhani nazungumzia kaunti. Mpaka wa kaunti haupimi joto. Kaunti ya Bungoma inaanzia tambarare za Malakisi na kupanda hadi miteremko ya juu ya Mlima Elgon. Mfugaji wa Kapsokwony, mlimani, ni mwana Bungoma kwa kitambulisho, lakini kwa joto bwawa lake liko upande wa Kitale, pengine hata upande wa Endebess. Kiminini nayo, ingawa iko Trans Nzoia kama Cherangany, haina baridi ya Cherangany. Kila mwongozo wa kulisha samaki unaotolewa kwa jina la kaunti peke yake una kasoro kabla ya kusomwa.

Hoja ya tatu: chakula kisichosagwa hakikai bure ndani ya maji

Kama hasara ingekuwa ni chakula kutupwa tu, ningesema machache na kuketi. Lakini kidonge kilichoachwa na samaki huzama, huoza, na vijidudu vinavyokiozesha hutumia oksijeni ile ile anayoihitaji samaki. Protini yake hugeuka amonia. Katika maji ya baridi, bakteria wenye kazi ya kuigeuza amonia kuwa kitu kisichodhuru sana nao huzubaa, kama viumbe vyote vya maji hayo. Hivyo chakula kinachobaki Julai hukaa na madhara yake muda mrefu kuliko kile cha Februari.

Msomi mmoja kati yenu ataniambia: maji baridi hubeba oksijeni nyingi kuliko maji ya moto, kwa hiyo hofu hiyo imekuzwa. Ni kweli kuhusu maji baridi. Ila sheria hiyo ina nusu ya pili. Kadiri unavyopanda mlima, ndivyo mgandamizo wa hewa unavyopungua. Kwa kimo cha Kitale umepungua kwa karibu sehemu moja katika tano ukilinganisha na usawa wa bahari, na oksijeni inayoweza kuyeyuka majini hupungua kwa kiasi hicho hicho. Faida inayoletwa na baridi inaondolewa na mwinuko. Tena oksijeni nyingi ya bwawa letu haitoki hewani. Inatengenezwa na vijimea vya kijani vinavyofanya kazi kwa mwanga wa jua. Wingu zito likikaa, na maji ya mvua yakiingiza udongo mwekundu kutoka shambani, mwanga haufiki chini na vijimea hivyo huacha kuzalisha, lakini haviachi kupumua. Alfajiri baada ya siku tatu za mawingu ndiyo saa ya hatari ya bwawa, na kuongeza juu yake kilo mbili za chakula kinachooza ni kuitafuta hasara kwa makusudi.

Sasa nije kwenye pingamizi lenye nguvu zaidi. Wengi husema: mbona nikiwarushia wanakula? Ndiyo, alasiri ya jua, juu ya maji, tilapia atapanda na kumeza. Lakini kumeza si kusaga. Amekula katika tabaka la juu lenye nyuzi 22, na usiku huo huo atalala katika maji ya nyuzi 18 akiwa na tumbo lililojaa, tumbo ambalo kwa joto hilo linafanya kazi polepole mno. Sehemu ya chakula hicho itatoka kama kinyesi kisichotumika, na wewe mwenye bwawa utaandika kwamba samaki wako wana hamu nzuri. Kipimo cha chakula ni uzito unaoongezeka kwenye mizani. Msisimko wa maji wakati wa kulisha haupimi chochote.

Pingamizi jingine linatoka kwa huruma, nami naliheshimu: samaki asipolishwa si atakonda, hata afe? Samaki wa joto la nyuzi 18 anahitaji chakula kidogo sana ili kuishi tu, na bwawa la udongo lililotunzwa lina vijimea, wadudu na mabaki anayoyachuma mwenyewe. Kwa wiki chache atakaa palepale kwa uzito, au apungue kidogo, na Septemba ataanza tena. Hakuna mkulima wa Kitale anayetia mbolea ya CAN kwenye mahindi yaliyokwisha kukauka akitumaini kuongeza magunia; anajua wakati wa mmea kupokea umepita. Wenye mabwawa ya laina ya plastiki, hata hivyo, wawe waangalifu zaidi. Chakula cha asili katika mabwawa hayo ni haba, kwa hiyo wasisimamishe kabisa ila maji yakishuka chini ya 17.

Tufanye hesabu kwa bwawa lile la mita 300. Tuseme lina samaki 1,000 wa gramu 100, yaani kilo 100 za samaki. Mgao wa kawaida wa asilimia 3 ya uzito ni kilo 3 kwa siku. Kwa siku 60 za baridi kali ni kilo 180. Ukishusha hadi asilimia 1 ni kilo 60. Tofauti ni kilo 120, mifuko sita ya kilo 20, kwa bwawa moja. Chakula huchukua zaidi ya nusu ya gharama ya kumkuza samaki, kwa hiyo mifuko hiyo sita ndiyo mara nyingi inayotenganisha aliyepata na aliyefanya kazi bure. Na samaki wa bwawa hilo hawangekuwa wakubwa zaidi mwishoni mwa Agosti kwa kuila.

Hoja ya nne: namna ya kupima na kugawa

Kipimajoto cha kawaida cha kioo kinatosha. Kifungwe kwenye kamba na kuning'inizwa kina cha nusu mita, kisomwe saa kumi na mbili asubuhi na tena saa tisa alasiri, na wastani wa vipimo viwili uandikwe. Wastani ukizidi nyuzi 24, mgao kamili utolewe. Kati ya 20 na 24, ushuke hadi theluthi mbili au nusu kadiri baridi inavyozidi. Kati ya 17 na 20, asilimia 1 ya uzito, mara moja kwa siku, kati ya saa saba na saa tisa mchana wakati maji ya juu yamepata jua. Na siku ya mawingu mazito isiwe na mlo. Chini ya 17, mfuko ufungwe na kuwekwa mahali pakavu, kwa sababu katika unyevu wa miezi hiyo chakula huota ukungu wenye sumu haraka kuliko tunavyofikiri.

Chakula kinachoelea ndicho bora kwa msimu huu kwa sababu moja rahisi: kinakuonyesha kilichobaki. Anayetumia mchanganyiko wa nyumbani wa pumba, mashudu ya alizeti na omena, ambao huzama, atumie ung'o au sinia lililofungwa kwa kamba na kuteremshwa majini, kisha aliinue baada ya nusu saa aone. Wapo wanaoshauri kuongeza protini wakati wa baridi ili samaki apate nguvu. Sikubaliani nao. Protini asiyoitumia kwa kujenga nyama inaishia kuwa amonia, nanyi mmeshalipia bei yake ya juu. Wengine hugeukia upande wa pili na kumwaga pumba tupu kwa kuwa ni rahisi. Pumba hizo huzama na kulisha tope. Bora kidonge kile kile kizuri, kwa kiasi kidogo.

Na tafadhali, acheni nyavu. Kumvua samaki Julai ili kumpima au kumhamisha humchubua ute na magamba, na kwa kinga iliyodhoofika na baridi, kidonda hicho kidogo huota ukungu mweupe ndani ya siku chache. Upimaji ufanyike Mei, na mwingine Septemba.

Hoja ya tano: mgao ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni kalenda

Nchi nyingine zimepambana na baridi iliyo kali kuliko yetu. Mapema mwaka 2008 wimbi la baridi lilipiga kusini mwa China, na wafugaji wa Guangdong wakapoteza tilapia kwa wingi ndani ya wiki chache. Misri, inayoongoza Afrika kwa kuzalisha tilapia, hupata kila mwaka majira ya baridi yanayoshusha maji ya mabwawa ya Delta hadi samaki kuacha kula. Wamisri hawashindani nayo. Hupandikiza majira ya kuchipua, huvuna kabla ya baridi, na vifaranga wa mwaka unaofuata huwahifadhi katika mabwawa madogo yaliyofunikwa kwa plastiki. Adhabu inayoonekana iliwafundisha. Sisi, kwa kuwa samaki wetu hawaelei wakiwa wamekufa, hatukulazimika kufikiria kalenda.

Ninachopendekeza kwa Kitale ni kupandikiza Septemba mwishoni au Oktoba, ili samaki atumie miezi ya joto, hasa Januari hadi Machi, akiwa katika umri wa kula sana. Wale wakubwa wauzwe Kwaresima, soko la samaki likiwa juu, na waliobaki kabla ya Juni kumalizika. Bwawa linaloingia Julai likiwa tupu, au likiwa na samaki wachache tu, halina haja ya mhadhara huu. Lakini kalenda hiyo ina kikwazo kimoja kikubwa. Vifaranga wa Septemba wanatakiwa kuzaliwa na kulelewa Juni hadi Agosti, wakati tilapia wa Kitale hazai.

Kikwazo hicho Bungoma inaweza kukiondoa. Mabwawa ya chini, ya Malakisi, Sang'alo na pande za Busia, yako katika nyuzi zile tatu za ziada. Yakifunikwa kwa plastiki kama wafanyavyo Misri, yanaweza kulea vifaranga kipindi chote cha baridi na kuwauza Kitale Septemba wakiwa na gramu 20 au 30, badala ya wale wadogo wa gramu mbili tuliowazoea. Mfugaji wa juu atapata samaki aliyekwisha kupita utoto wake mahali penye joto. Wa chini atapata soko la uhakika katika msimu wake mbaya. Usafirishaji uwe wa uangalifu: mifuko ya vifaranga ielee juu ya maji ya bwawa jipya kwa dakika 20 au zaidi, na maji ya bwawa yaongezwe mfukoni kidogo kidogo, kwa kuwa mruko wa ghafla wa nyuzi nne au tano utawadhuru hata kama hautawaua siku hiyo.

Kwa idara za uvuvi za kaunti zote mbili nina ombi ambalo halihitaji bajeti kubwa. Kila afisa wa ugani apewe kipimajoto na daftari, na kuanzia Juni hii mabwawa machache yateuliwe katika kila kimo, kutoka Malakisi hadi Endebess, yasomwe asubuhi na alasiri hadi Agosti kuisha. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kibabii wanaweza kuifanya kazi hiyo kama sehemu ya masomo yao. Misimu mitatu ya vipimo hivyo ikipatikana, mgao wa chakula utachapishwa kwa kimo cha bwawa, na maagizo ya vifaranga yatatolewa Mei, si Septemba yenyewe kila mtu anapokimbilia vituo vya vifaranga kwa wakati mmoja.

Bwana Mwenyekiti, muda wa maswali umefika. Ningeomba waanze wenzetu wa Endebess na Kapsokwony, kwa sababu hesabu niliyoitoa itawabana wao kabla ya mtu mwingine yeyote hapa ukumbini.